Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu: shule tuiombe nini hasa, na dawa zake ashike nani?

MamaPacha (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wazazi wenye watoto wa kisukari, selimundu (sikoseli), pumu, kifafa, moyo, figo na mengine ya aina hiyo, yale ambayo mtoto haponi wiki ijayo bali anaishi nayo. Walimu na watu wa afya mliomo humu msipite kimya, nawahitaji kuliko hata wazazi wenzangu.

Mmoja wa pacha wangu ana kisukari aina ya kwanza, ile ya insulini kila siku ya Mungu. Tumeshahama shule, kwa hiyo nimekaa kwenye ofisi za wakuu wa shule tofauti. Hakuna aliyenifukuza. Wananipokea vizuri, wananipa pole, wananihakikishia mtoto yuko kwenye mikono salama. Mwezi unaofuata mtoto anapewa adhabu kwa kuomba ruhusa ya choo mara nyingi mno.

Ninavyoona mimi, huruma shuleni ipo tele, haijawahi kuwa tatizo. Kinachokosekana ni kazi kupewa mtu mwenye jina. Nani anazijua dalili? Dawa iko wapi na inafunguliwa na nani? Huyo akiwa hayupo, nani mwingine? Mwalimu wa michezo kaambiwa? Ukitoka ofisini bila majibu ya haya, umetoka na pole tu.

Nitoe mfano. Shule moja walikubali kumtunzia glukosi na kalamu ya insulini. Wakavifungia kwenye kabati ofisini kwa mkuu, kwa usalama, jambo la busara kabisa. Siku sukari iliposhuka, mkuu alikuwa kikaoni nje ya shule na ufunguo uko mfukoni mwake. Mwalimu aliyekuwepo alikuwa na moyo mzuri ajabu, alikuwa anampepea mtoto kwa daftari. Pacha mwenzake ndiye aliyechomoka mbio kutafuta soda. Watu wazima wote pale walikuwa wanamhurumia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kufanya.

Siku hizi siendi na ombi, naenda na karatasi. Upande mmoja tu, herufi kubwa, picha ya mtoto juu. Inasomeka hivi, mnaruhusiwa kuiiba:

"Nina kisukari. Nikitokwa jasho ghafla, nikitetemeka, nikiwa mkali bila sababu au nikijibu vitu visivyoeleweka, huenda sukari yangu imeshuka. Msinitume popote peke yangu. Nipeni hapo hapo nilipo glukosi au juisi iliyo kwenye mkoba wangu mwekundu. Ngojeni dakika 15, nipimeni. Ikiwa bado iko chini ya 4, nipeni tena. Nikiwa siwezi kumeza au nimepoteza fahamu, msinitie kitu mdomoni: nilazeni kwa ubavu, pigeni kwanza simu ya gari la wagonjwa, kisha ya mama. Msinichome insulini sukari ikiwa chini, itaishusha zaidi."

Chini yake kuna majina ya watu wawili wa hapo shuleni na namba zao, jina la daktari, na tarehe ya kuipitia upya. Sahihi yangu, ya daktari, ya mkuu wa shule. Nakala moja chumba cha walimu, moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwenye mkoba wa mtoto. Na mkoba wenyewe anatembea nao, haufungiwi popote.

Nataka kusikia ya magonjwa mengine. Na walimu mniambie ukweli: mnaogopa nini?

Chaki Nyeupe

Mama, shukrani kwa uzi. Nafundisha shule ya msingi, nikujibu bila kupaka rangi.

Tunaogopa lawama. Mtoto akizidiwa baada ya mimi kumpa dawa, swali la kwanza ni "nani alikuruhusu?" Nikimwacha, swali ni "kwa nini hukumsaidia?" Darasa limejaa, na mafunzo ya huduma ya kwanza wengine tuliyasikia chuoni hatujayarudia tena. Kwa hiyo mzazi akija na ripoti ya hospitali ya kurasa kibao, maandishi yenyewe hayasomeki, naiweka kwenye faili. Siyo ukatili. Sijui niifanyie nini.

Barua nyingi za daktari zinazonifikia zinasema mtajwa anasumbuliwa na ugonjwa fulani, apewe msaada unaostahili. Upi? Mimi ni mwalimu wa hisabati. Niandikie "aruhusiwe kunywa maji darasani, aruhusiwe choo bila kusubiri, asikimbizwe uwanjani kama adhabu", hapo nimeelewa. Tena hapo nina kitu cha kumwonyesha mwenzangu wa zamu ambaye hamjui mtoto na keshaanza kumfokea.

Karatasi kama ya kwako ningeibandika ndani ya mlango wa kabati langu leo. Niongeze moja: wazazi mnaongea na mkuu, mkuu ana mambo elfu, taarifa inaishia mezani kwake. Omba dakika kumi kwenye kikao cha walimu, uongee nasi sote. Mlinzi na wapishi nao wawepo, maana mtoto hachagui kuzidiwa darasani.

Tuseme Kweli

Mtanisamehe, ila shule siyo hospitali. Mwalimu analipwa kufundisha. Leo mnampa kisukari, kesho kifafa, keshokutwa moyo, atafundisha saa ngapi? Mtoto mwenye hali tete akae karibu na wazazi wake au atafutiwe shule maalumu. Nimemaliza.

Nesi wa Zamu

Tuseme Kweli, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mtoto mwenye kisukari au pumu anafundishika darasani sawa na mwenzake, huko shule maalumu anafuata nini? Na hakuna aliyemwomba mwalimu atibu. Isome tena karatasi ya mleta mada: hamna sindano hata moja ambayo mwalimu anatakiwa achome. Juisi, saa ya ukutani, kipimo cha tone la damu, simu. Basi.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini ni mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, kule Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa wa kutafutiwa shule, alikuwa wa kuagwa. Lililokuwa gumu lilishafanywa miaka mia iliyopita. Sisi tumebaki na ubishi wa kabati.

Mkitaka sheria, zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unatamka kwenye kifungu cha 28 kwamba elimu ni haki ya mtoto, na kifungu cha 2 kinakataza ubaguzi. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 nao unaingia pale hali ya muda mrefu inapomzuia mtoto kushiriki sawa na wenzake, na kifungu cha 24 kinataka shule imfanyie marekebisho yanayofaa. Kuna nchi zimeliweka jambo hili ndani ya sheria zao kabisa: Marekani wana kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, England wana kifungu cha 100 cha sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014.

Lakini ushauri wangu, usiingie ofisini na vifungu siku ya kwanza. Mkuu akisikia sheria anajihami, na mtu anayejihami hakupi hata kile alichokuwa tayari kukupa. Viweke akiba.

Kwenye karatasi yenyewe nina marekebisho. Hiyo 4 ni ya vipimo vinavyosoma milimoli. Vipo vinavyosoma miligramu, na huko namba ni 70. Mwalimu akiona 65 kwenye kioo halafu karatasi inasema "chini ya 4" atadhani mtoto yuko salama salimini. Andikeni namba ya kipimo anachotumia mtoto. Kiasi cha glukosi nacho kiandikwe: kwa mtoto mkubwa kawaida ni gramu 15, kwa mdogo hupungua, daktari awape namba. Na kwa shule zinazosema "hatuna friji": insulini iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi hukaa nje ya friji kama wiki 4, mradi mahali pasiwe na joto kali. Ya akiba ndiyo ya friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande.

Baba Wawili

Nimesoma yote. Wa kwangu ni selimundu, na shida yetu ni ya namna nyingine kabisa. Mtoto haonekani mgonjwa, kwa hiyo anaonekana mvivu. Jana kacheza, leo haamki kwa maumivu ya miguu. Walimu wanasema anaigiza, wenzake wanasema anadeka.

Sisi karatasi yetu ina maji, choo, baridi na homa.

Maji kwa sababu mwili ukikauka zile chembe za damu zinazidi kujikunja na kuziba mishipa midogo, hapo maumivu yanaanza. Choo kwa sababu figo zao haziwezi kuukoleza mkojo, unatoka mwingi mwepesi hata kama kanywa kidogo. Mwalimu anayemruhusu chupa ya maji halafu akamnyima choo hajamsaidia kitu. Baridi: avae sweta hata kama siyo la sare, asisimamishwe mstarini asubuhi ya upepo, asiingizwe bwawani maji yakiwa ya baridi. Homa ikifika 38.5 ni hospitali siku ile ile, siyo kidonge na kulazwa chumba cha wagonjwa hadi kengele ya kutokea, kwa kuwa wengu wao haulindi mwili inavyotakiwa na maambukizi yanakwenda kasi. Na mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, au maneno yakaanza kupinda, hicho ni kiharusi, hata kama ana miaka 7. Msisubiri aje mzazi.

Halafu kuna hili ambalo nililijua kwa kuuliza mwenyewe kliniki. Selimundu inaweza kuleta viharusi vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtoto haanguki, hapoozi, ila umakini unapungua na masomo yanaporomoka. Mtoto wa selimundu akianza kushuka darasani bila sababu ya kueleweka, msikimbilie tuisheni wala fimbo. Rudini kliniki waangalie kichwa.

Sasa mahudhurio, hapa ndipo penye kidonda. Mtoto akilazwa miezi miwili shule nzima inajua, na mpango unafanywa. Anayekosa siku mbili leo na tatu baada ya wiki mbili hakuna anayemhesabia. Anakosa siku ile mwalimu anaanzisha sehemu. Akirudi anakuta wenzake wanajumlisha sehemu zenye asili tofauti, anakaa anatazama ubao. Mwezi ujao anakosa nyingine. Ukija mtihani wa muhula watu wanashangaa mtoto mwenye akili kapatwa na nini.

Zamani alikuwa akirudi anakuta rundo la kunakili, historia, jiografia, kila kitu. Anaandika mpaka usiku, anachoka, maumivu yanarudi, anakosa tena. Tulichokubaliana na mwalimu wa darasa ni kwamba asifidie kila kitu. Mwalimu anaweka alama kwenye mada ambazo bila hizo mbele hapapitiki, hizo tu ndizo anafundishwa upya, mengine yanaachwa yapite. Anayekaa naye dawati moja, mama yake hulipiga picha daftari jioni na kunitumia kwenye simu. Na tumedai siku zile ziandikwe ugonjwa kwenye daftari la mahudhurio, zisiandikwe utoro. Msilidharau hilo, mwisho wa mwaka kuna mahali mtoto hazuiwi kupanda darasa kwa alama, anazuiwa kwa mahudhurio.

Dogo wa Pampu

Wa pumu mmetusahau. Pampu ya bluu ikae mfukoni kwa mtoto. Mtoto aliyebanwa kifua hawezi kupanda ngazi kwenda ofisini kuomba dawa ya kumwezesha kupumua. Asipewe zamu ya kufagia, asiketi chini ya ubao wa chaki. Akibanwa akae wima, msimlaze. Mpulizo mmoja mmoja kupitia ile chupa ya plastiki, avute taratibu, mpaka 10. Nafuu isipokuja, hospitali. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, msihesabu chochote, pigeni simu huku mnampulizia.

Chaki Nyeupe

Pampu mfukoni naielewa, ila wenzake wakiichezea? Darasa langu nalijua mimi.

Dogo wa Pampu

Mwalimu, atakayeichezea moyo utamwenda mbio na mikono itatetemeka kidogo, kisha itapita. Wa kwangu akiikosa haipiti. Ile ya kuzuia, ya kila siku, inabaki nyumbani, hiyo hatuwaletei.

Kimya Kingi

Mimi si mzazi. Nilikuwa huyo mtoto.

Kifafa changu kilianza kwa kukatika. Kalamu imesimama, macho wazi, sekunde chache, halafu naendelea kama hakuna kitu. Kwa mwalimu nilikuwa mwota ndoto za mchana. Nimechapwa kwa kutosikiliza maneno yaliyosemwa wakati ubongo wangu haupo. Kipo kifafa cha hivyo, mtoto haanguki kabisa, na kinaweza kuja mara nyingi sana kwa siku moja. Walimu, kuna namna ya kutofautisha: anayeota ndoto ukimgusa bega anashtuka. Aliyekatika ukimgusa harudi mpaka imalize yenyewe. Mkimwona mtoto anakatika katikati ya sentensi yake mwenyewe, andikeni saa na muwaambie wazazi, mtakuwa mmefanya kazi ya daktari nusu nzima.

Baadaye nikaanza kuanguka. Wenzangu wakahamishwa dawati eti povu linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kugusana. Mtu akianguka msimtie kijiko mdomoni na msimkandamize. Sogezeni madawati, wekeni sweta chini ya kichwa, tazameni saa. Mitikisiko ikikoma mlazeni kwa ubavu na mkae naye. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, hospitali.

Nilichokuja kusema hasa ni juu ya nani aambiwe. Wazazi na mwalimu walikubaliana kulitangazia darasa zima, mimi nikiwa nimekaa palepale, hakuna aliyeniuliza. Nia yao ilikuwa njema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipopanda darasa, mwalimu mwingine alinichukua pembeni akaniuliza: unataka wenzako wajue nini, na nani awaambie? Nikamjibu nitasema mwenyewe ila yeye asimame karibu yangu. Nikasema. Wakauliza maswali, ya kijinga na ya maana. Kuanzia siku hiyo jamaa mmoja mtukutu, aliyekuwa anafukuzwa darasani kila mara, akawa mshika saa wangu. Nikizinduka kitu cha kwanza nasikia "leo dakika moja na nusu." Aliipenda kazi ile kuliko ukiranja.

Kwa hiyo walimu wajue wote, hilo halina mjadala. Wanafunzi, mtoto aulizwe kwanza.

MamaPacha

Kimya Kingi, Mungu akubariki. Habari ya kumpa mtukutu saa ashike nimeichukua kama ilivyo.

Tuseme Kweli

Sawa, mmeeleza. Nina swali. Mtihani wa taifa je? Msimamizi anatoka shule nyingine, mtoto hamjui, vifaa haviruhusiwi, kutoka nje hairuhusiwi. Karatasi yenu ya picha na mkoba mwekundu itafanya nini pale?

MamaPacha

Swali zuri, kaka. Pale haifanyi kitu, ndiyo maana mtihani una maombi yake. Anayeomba kwa baraza la mitihani ni shule, na inaomba mapema. Siyo mzazi kwenda kubembeleza mlangoni asubuhi ile. Mwaka wa mtihani ukianza tu, muulize mkuu: tarehe ya mwisho ya maombi haya ni lini, na fomu iko wapi?

Barua ya daktari ya mtihani isiishie kutaja jina la ugonjwa. Iseme ugonjwa unamfanyia nini mtoto akiwa ameketi na karatasi. Ya kwetu inasema aingie na kipimo, glukosi na maji, aruhusiwe choo, na muda utakaopotea akishughulikia sukari arudishiwe mwisho. Hapo kwenye muda tulibishana, maana walitaka kutupa zile dakika 15 za kusubiri tu. Kumbe sukari inaweza kusoma sawa kwenye kipimo huku kichwa bado hakijatulia, mtoto anaisoma sentensi moja mara tatu. Daktari akaliandika hilo kwa maneno ya kawaida, ubishi ukaisha.

Utaratibu huo huo muanze nao kwenye mitihani ya muhula. Mtoto azoee, na shule iwe na cha kuonyesha kwamba ndivyo anavyofanya mitihani siku zote. Wale ambao watoto wao wana kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari kupitia simu, wahini kuliko wote. Simu kwenye chumba cha mtihani ni kesi nzito kila mahali.

Nimekwama Hapa

Wakuu nisaidieni. Shule imeniambia kwa mdomo kwamba haipokei watoto wagonjwa. Nafasi zipo, usaili kafaulu. Walipoona fomu ya afya ndipo mambo yakabadilika. Mtoto ana kifafa, ametulia kwa dawa.

Nesi wa Zamu

Usigombane nao. Andika barua fupi, ya adabu, ukiwaomba wakupe kwa maandishi sababu ya kumkataa mtoto aliyefaulu usaili. Ambatanisha karatasi yako waone unachoomba ni kidogo kiasi gani. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wengi waliokuwa wepesi kuisema sentensi ile mdomoni wanakuwa wazito kuitia sahihi. Wakinyamaza, nakala inakwenda kwa bodi au kamati ya shule, kisha ofisi ya elimu inayoisimamia. Vile vifungu nilivyosema viwekwe akiba, hapa ndipo mahali pake.

Na ukiongea na yeyote kwa simu, mtumie ujumbe jioni ile ile: "Kama tulivyozungumza leo, mmesema hivi na hivi." Asipokanusha, una ushahidi.

Ila niseme na hili kama mzazi, siyo kama nesi. Ukishinda, angalia sura zao. Shule iliyolazimishwa kumpokea mtoto na shule iliyokubali haziko sawa saa nane mchana mtoto akianguka. Unaweza kuwa na haki yote na bado ukachagua kumpeleka kwingine, hakuna atakayekucheka.

Tuseme Kweli

Hapo sikubaliani nawe, nesi. Kila mzazi akiondoka kimyakimya, shule ile itaendelea kukataa watoto mpaka kiama. Nilisema shule siyo hospitali, sikusema ibague. Apambane.

Mama wa Bweni

Mimi wangu ni selimundu, amepata shule ya bweni, muhula ujao anaanza. Huko sitakuwepo usiku. Nianzie wapi?

Baba Wawili

Dada, bweni mtu wako ni matroni. Mkuu utamsalimia tu. Omba kitanda cha chini, karibu na mlango, maana usiku ataamka kukojoa. Chupa ya maji pembeni yake, blanketi la ziada, maji ya moto ya kuoga asubuhi za baridi. Dawa za kila siku, kama yuko kwenye haidroksiyurea na zile nyingine, awepo mtu mzima wa kumwona anameza. Kijana wa umri huo atakwambia amemeza na kumbe kidonge kiko chini ya godoro.

Kubwa kuliko yote ni maumivu ya usiku. Nani anaamshwa? Ana dawa gani ya maumivu ya kuanzia, na baada ya muda gani isipomtuliza anapelekwa hospitali? Gari liko wapi, dereva analala wapi? Kabla hujampeleka, piga simu ya shule saa nne usiku, usiwaambie mapema. Uone nani anapokea. Isipopokelewa kabisa, mtafutie ya kutwa, hata kama ile ya bweni inaongoza kwa ufaulu.

Kimya Kingi

Kwa wa kifafa wanaokwenda bweni: kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa. Mwombeeni msamaha wa prepu za alfajiri, kwa maandishi.

Chaki Nyeupe

Niwakumbushe wazazi jambo dogo linalotuangusha sote. Karatasi hizi zinakufa mwaka ukibadilika. Mwalimu wa darasa mpya hana habari, aliyejua kahamishwa, mwalimu wa kujitolea wa wiki mbili ndio kabisa. Leteni upya kila muhula, hata kama hakuna kilichobadilika. Ikitangazwa ziara ya kimasomo, ulizeni mkoba wa mtoto utakuwa kwenye gari gani na nani anakaa naye. Na mkija siku ya wazazi, pitieni ofisini muangalie tarehe ya kuisha ya dawa mlizoacha. Sisi hatuziangalii, nisiwadanganye.

Mama wa Bweni

Mrejesho. Nimepiga saa nne usiku. Kapokea mlinzi. Anasema matroni akishalala simu ya ofisini haisikii, ila yeye yuko macho usiku kucha, namba ya matroni anayo, ya dereva anayo, na mwaka jana ndiye aliyembeba mtoto mwingine mpaka kwenye gari. Hakuna aliyewahi kumweleza selimundu ni nini. Kaniuliza maswali mpaka salio likakatika.

Baba Wawili

Basi huyo ndiye jina la kwanza kwenye karatasi yako. Mchukulie namba yake binafsi, na siku ya kuripoti mpe nakala mkononi, umsomee.